Mwezi wa Kianzio

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na miaka ile hasira zangu nyingi ziliwaangukia watu wanaosema "maisha yamepanda" bila kutaja namba hata moja. Muuza vocha, fundi viatu, mama wa kwaya, kila mtu mchumi. Mimi ndiye niliyekuwa nimesomea uchumi miaka mitatu, nikarudi nyumbani Iyula na cheti changu, nikakaa mwaka mzima nachuma kahawa ya mama kana kwamba sijawahi kuondoka. Kwa hiyo nilipopata kazi Tunduma nilijiambia, sasa watanikoma.

Kazi ilikuwa kwa mzee mmoja mfanyabiashara wa mahindi na mchele, mwenye maghala mawili kando ya barabara ya mpakani, pale malori yanapopanga foleni mpaka dereva anafua nguo na kuzianika kwenye kioo. Mzee alitaka mtu wa kumwandikia karatasi mbili kila mwisho wa mwezi. Ya kwanza ilikuwa ya bei. Nilizunguka sokoni na orodha ya vitu ambavyo mtu wa kawaida hununua, yaani unga, maharage, dagaa, nyanya, mafuta ya kupima, mkaa, sabuni na vinginevyo, nikalinganisha na mwezi uliopita, kisha nikalinganisha na takwimu za mfumuko wa bei za nchi nzima. Ya pili ilikuwa ya ajira. Mlinzi wa geti aliniandikia kila asubuhi wamekuja watu wangapi kuomba kibarua na wangapi wamerudishwa. Kwa karatasi hizo mzee aliamua anunue mahindi lini, auze lini, na vibarua wanaopakia malori awalipe kiasi gani kwa siku.

Mmoja wa vibarua hao alikuwa kaka yangu, tumbo moja. Alikuwa pale miaka kabla yangu, na ndiye aliyesikia kwamba bosi anatafuta msomi akaenda kuninadi. Alininadi kweli kweli, kwa sababu siku ya usaili mzee aliniuliza kama ni kweli nilikuwa wa kwanza darasani kuanzia darasa la kwanza hadi la saba. Haikuwa kweli. Nilikuwa wa kwanza mara mbili tu, na sikumsahihisha.

Mwaka jana, mvua zilipochelewa, vibarua walimwendea mzee kuomba nyongeza. Aliwasikiliza amesimama mlangoni mwa ghala, funguo mkononi.

"Sitaki kelele," akasema. "Karatasi ya binti ikionyesha vitu vimepanda, naongeza. Isipoonyesha, tusisumbuane."

Mzee yule ana mabaya yake, lakini neno lake halirudi nyuma, na kila mtu pale alilijua hilo. Wakarejea kwenye magunia yao wakijua kwamba nyongeza yao iko kwenye kalamu yangu. Kaka alinikonyeza kwa mbali, mimi nikajifanya sikuona, maana niko kazini.

Nikaingia sokoni. Wenye meza walikuwa wameshanizoea, mimi na daftari langu na buti zangu za mvua. Fungu la nyanya bei gani? Mia tano. Mwezi uliopita? Mia tano hiyo hiyo, binti. Sado ya maharage? Pale pale. Kikombe cha dagaa? Pale pale. Mafuta yalikuwa yamepanda kidogo, mkaa kidogo, basi. Nikapiga hesabu, nikapata ongezeko dogo linalofanana sana na lile la kitaifa. Nilifurahi mno. Kwa mtu anayeanza kazi hii hakuna raha inayoshinda kuona namba yake imekaa jirani na namba ya wakubwa.

Jumapili, baada ya ibada, nilikula kwa kaka. Wifi, mke wake, alikuwa jikoni. Kaka akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Mdogo wangu, mbona hela ya siku siku hizi haifiki jioni?"

Nikamjibu, "Kaka, hisia si takwimu."

Nilisema hivyo, mdomo umejaa wali wake. Akacheka, akasema haya, msomi, akanisogezea bakuli la maharage.

Karatasi ya pili ilimalizia kazi. Getini watu walikuwa wengi kuliko kawaida, wengine wametoka Momba, wengine Ileje, wengine ng'ambo ya mpaka kwa ndugu zao, na wengi walirudishwa. Nikaandika kwamba bei zimetulia, nguvu kazi inapatikana kwa wingi, na hakuna shinikizo la kupandisha ujira. Sentensi hiyo niliipenda, niliisoma mara tatu kwa sauti. Mzee naye aliipenda. Hakuongeza hata senti, akatoa nakala akawagawia wafanyabiashara wenzake, nao wakasema huyu binti aje kwenye kikao chetu cha mwezi ujao atueleze. Nikaenda kununua viatu vya kikao.

Mwezi uliofuata nilifika sokoni mapema kuliko siku zote, kabla meza hazijapangwa. Mama muuza nyanya, ambaye nilikuwa namuuliza bei karibu mwaka mzima, alikuwa ndiyo kwanza anapanga mafungu. Anaweka tatu chini, moja juu, anahamia fungu jingine. Nikasimama nikamtazama hadi ikanijia kwamba nakumbuka mafungu marefu zaidi ya hayo.

"Mama, fungu ni nyanya nne?"

"Nne. Zilikuwa sita, zikaja tano, saa hizi nne. Bei sijaigusa. Nikigusa bei, mteja anakwenda kwa jirani. Nikipunguza fungu atanung'unika, lakini atanunua."

"Mbona hukuniambia?"

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Si ulikuwa unauliza bei?"

Nilikwenda kuazima mizani ya ofisini, nikarudi. Nilipima asubuhi nzima kwenye manyunyu. Sado ya maharage, lile kopo la kupimia, kitako chake kilikuwa kimesukumwa ndani kwa moto, ukiigeuza unaona kimekuja juu kama kisigino. Kikombe cha dagaa kilikuwa kimebadilishwa, kimeletwa kingine chenye rangi ile ile. Andazi la bei ile ile lilikuwa limebaki hewa. Karibu nusu ya orodha yangu ilikuwa hivyo. Hakuna aliyenidanganya. Niliwauliza bei na wakanijibu kila nilichouliza, na hakuna mke wa kibarua katika mji mzima ambaye hakuwa anajua. Kibaya zaidi, jambo lenyewe nilifundishwa. Darasani lilikuwa na somo lake, bidhaa inayopungua huku bei imesimama, na kwenye mtihani nililijibu vizuri.

Hapa ndipo penye aibu yangu, na nitaisema bila kuizungusha. Mchumi akigundua amepima vibaya ana njia mbili. Ya kwanza ni kurudi nyuma, kusema karatasi zilizopita zina kosa, na kuandika kupanda kwa bei kulivyo, kote. Ningeandika hivyo, mzee angeongeza ujira. Angekasirika, angeniita majina, halafu angeongeza, kwa kuwa alishasema. Njia ya pili ni kuanza kupima vizuri kuanzia sasa, na kuufanya mwezi huu kuwa mwezi wa kianzio, yaani ule ambao miezi yote ijayo italinganishwa nao. Ukifanya hivyo, fungu la nyanya nne linakuwa ndilo fungu halali, na zile mbili zilizopotea hazionekani kwenye karatasi yoyote, ya jana wala ya kesho.

Kikao cha wafanyabiashara kilikuwa wiki mbili mbele. Nilichukua njia ya pili. Chini kabisa ya karatasi niliandika kwa herufi ndogo, "Kuanzia mwezi huu vipimo vimeboreshwa." Mzee alilipenda sana hilo neno vimeboreshwa.

Nilijifariji kwamba mafungu yatapungua tena, na safari hii mizani itayakamata, vibarua watapata chao bila mimi kuumbuka. Hayakupungua. Yalikuwa yameshafika mwisho wake, maana nyanya tatu sokoni kwetu hakuna anayeziita fungu. Mwezi baada ya mwezi nilipima kwa uaminifu mkubwa, nikaandika kwamba bei zimetulia, na zilikuwa zimetulia kweli, huko juu zilikokuwa zimefika.

Getini nako mambo yakaanza kupendeza kwenye karatasi. Waliorudishwa walipungua. Mzee akaingiwa na wasiwasi kwamba labda vibarua wanaadimika na itabidi awalipe zaidi, akanituma nichunguze. Mlinzi akaniambia, "Hawajapata kazi popote, dada. Wamechoka kuja. Mtu akirudishwa wiki mbili mfululizo, analala zake." Hata katika ripoti za nchi asiyetafuta kazi huwekwa pembeni, hahesabiwi miongoni mwa wasio na kazi. Nikamweleza mzee kwamba watu wapo, wako majumbani tu, akiwahitaji watakuja. Akapumua.

Wahenga husema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilikuwa nimelichuma, na kwa miezi mitano sikwenda kwa kaka hata kuwajulia hali. Nilimwona kwa mbali ghalani, mgongo na gunia, nikawa nasema kesho. Siku nilipokwenda ilikuwa Jumamosi alasiri, nimebeba sukari na sabuni kama mgeni anayekwenda kuhani msiba. Kaka alikuwa bado hajatoka kazini. Wifi alinipokea vizuri, tukakaa jikoni, akawa anachambua mchicha na mimi namsaidia.

"Kuna siku waligombana kule ghalani," akasema. "Wenzake walisema karatasi yako ni ya uongo, kwamba bosi amekununua. Kaka yako akasimama katikati yao. Akawaambia, mdogo wangu namjua mimi, hawezi kuandika uongo. Akiandika vitu havijapanda, basi havijapanda. Tatizo ni sisi wenyewe, tunakula sana."

Nikaendelea kuchambua mchicha.

"Tokea siku hiyo, wifi, mchana hali. Anabeba magunia na chai ya asubuhi tu. Jioni anawapa watoto kwanza, kinachobaki ndicho chetu sisi wawili. Nikimwambia unakonda, ananiambia tulijizoesha ulafi, hesabu zimeonyesha." Akaacha mchicha, akanitazama. "Zungumza naye, wifi. Mimi hanisikii. Wewe atakusikia."

Nikamwambia nitazungumza naye.

Kaka akaingia, vumbi la mahindi limemkaa kwenye nyusi. Shati lililokuwa likimbana mabegani lilikuwa linamning'inia. Nikamwamkia. Alifurahi kuniona, alifurahi mpaka akanishika kichwa kama nilipokuwa mdogo, akauliza kikao kilikwendaje, akauliza kama nimekula. Akamgeukia wifi.

"Mpakulie mtoto wa mama."

Wifi akapakua ugali na mchicha, sahani moja, akaiweka mbele yangu. Wao wawili wakakaa kwenye benchi, wakasema watakula baadaye, hawajasikia njaa bado. Kaka akaegemea ukuta, akanitazama kwa ile fahari yake, akaniambia kula, mdogo wangu, kazi ya kichwa inachosha.

Nikanawa. Nikala, nikamaliza, na sikumwambia kitu.