Mbwa Aliyefichwa Kihengeni

Bertila wa Laela, jamani, alizaliwa kuficha. Mbegu ya ulezi aliwaficha shemeji zake, na homa aliificha mpaka akaanguka shambani. Basi gari la chanjo lilipopita likitangaza mbwa na paka waletwe, yeye alimsukumia mbwa wake, Watasema, ndani ya kihenge kitupu. Majirani walisema sindano humlegeza mbwa, na mbwa aliyelegea hawawezi ngedere wa mahindi.

Mwezi haukuisha. Watasema alifungwa kwenye mpera, mate yakimchuruzika, akiutafuna mti wenyewe. Bertila akamkimbilia bwana mifugo, kanga ikimdondoka.

"Mchome, mwanangu! Mchome hata sasa, nakuomba kwa jina la Bikira Maria!"

"Mama, chanjo ni ya mbwa mzima. Huyu ameshapata kichaa, hana dawa." Bwana mifugo akamtazama usoni. "Amemng'ata mtu? Aliyeng'atwa bado ana nafasi, akiwahi hospitali leo."

Chini ya kanga, kidonda cha meno kilikuwa kinampwita Bertila mkononi. Akafungua kinywa aseme, na kinywa kikajibu kilivyozoea.

"Hajang'ata mtu."