Tindo Yangu na Alama ya Karani

Siku nilipoikuta alama ya Karani wa kikundi kwenye tindo yangu, nilimweka mtoto chini nikasema mbele ya wote: "Karani, wewe ni mwizi."

Wanaume kumi na mmoja wakaweka nyundo chini.

Wasichana mtakaosoma haya, msidhani hao walikuwa wahunzi wa kurithi. Walifua chuma kwa kupenda tu. Siku za kazi walikuwa makarani, wapishi, watu wa kiwanda cha katani. Jumamosi mchana walikutana katika banda la mabati huko Kamenu, Thika, kila mmoja na kitu alichokifua au chombo kilichovunjika wakitengeneze pamoja. Mimi nilifika na jembe lililopasuka. Fundi Mkuu, mzee aliyestaafu karakana ya reli, aliniambia siku hiyo ya kwanza, "Vukuta moto, mama, huku unangoja." Nikavukuta miaka mitatu.

Hapo ndipo nilipojifunza rangi. Chuma cha springi ya lori ukikichoma kiwe chekundu kama pilipili iliyoiva, ukakizamisha majini, kinakuwa kigumu lakini kinavunjika kama chupa. Lazima ukisugue king'ae, ukirudishe kwenye joto kidogo, ukitazame. Manjano inatembea, kahawia inafuata, kisha zambarau. Tindo, yaani patasi ya kukatia chuma, unaizima kwenye zambarau, si kabla, si baada. Kikundi kilipofungua banda la pili Ruiru, Fundi Mkuu alinituma huko niwatazamie wengine rangi.

Lakini alama walininyima. Alama ni mhuri mdogo ambao mwanachama hugonga kwenye kazi yake. "Kazi ya mwanamke ni ya nyumba nzima," Mwenyekiti alisema. Haiya! Nyumba gani?

Basi tindo niliyoifua mwenyewe ikakata misumari ya ribiti iliyoshika kutu katika kinu cha posho, ambayo ilikuwa imewashinda wote. Jumamosi iliyofuata nikaikuta kwenye meza ya maonyesho, na alama ya Karani juu yake.

"Mama Njeri," Karani akacheka nilipomwita mwizi, "maziwa yamekupanda kichwani."

"Basi fua nyingine. Sasa hivi."

Fundi Mkuu akamtupia kipande cha springi. "Fua, Karani. Moto uko."

Alifua vizuri, sitadanganya. Umbo lilipendeza kuliko la yangu. Akaizamisha, ikalia chwaa, akainyanyua juu. "Imeisha!"

"Imeisha kweli?" nikamuuliza.

"Kwani wewe chakula kimoja unakipika mara mbili?"

Wakacheka wote isipokuwa Fundi Mkuu. Akaisimamisha juu ya kipande cha reli, akaipiga nyundo moja. Ncha ikaruka, ikampita Mwenyekiti sikioni, ikagonga mabati, ti!

Nikaleta ile yangu. Nyundo kumi. Reli ikachimbika mtaro, makali ya tindo hayakuguswa.

"Ngai!" Mwenyekiti akasema, sikio bado amelishika. "Hii ni ya nani?"

"Soma alama," nikamjibu.

Karani aliinama akatafuta kofia yake, na ilikuwa kichwani.

Sasa nina watoto wawili na nyundo nimeipumzisha, lakini hasira ile bado inanichemka, na sijutii. Kushinda kwa mdomo hakutoshi. Watu husahau walichokisikia, karatasi haisahau. Niliikabidhi barua hii kwa mkono wangu, na kila neno lilitimizwa:

"Kwa Mwenyekiti. Nalalamika rasmi kwamba Karani aligonga alama yake kwenye kazi ambayo hakuifanya, na kwamba wewe ulikuwapo ukanyamaza. Nataka aifute alama hiyo kwa tupa, yeye mwenyewe, mchana, wanachama wote wakitazama. Nataka jina langu liandikwe katika daftari la wanachama: Wambui, si mke wa fulani wala mama wa fulani. Alama siombi. Nimekwisha kuifua yangu."