Siti Nyeusi na Mguu wa Mama

Usikae kwanza, msikilizaji wangu. Simama hapo hapo mlangoni mwa gari unisikilize kidogo, maana ninachotaka kukueleza kinahusu mahali unapotaka kuuweka mwili wako, na hofu ya jambo hilo ninayo mpaka leo.

Kazi yangu ni kushona viti vya magari. Kibanda changu kiko Izia, hapa Sumbawanga, nyumba za watu mbele na mashamba ya mahindi nyuma. Wateja karibu wote huja na swali lile lile: niweke ngozi, kitambaa au ngozi bandia? Huwa nawajibu polepole, kwa sababu jibu linategemea nani atakaa. Zamani nilikuwa nikilisema hilo kama sehemu ya biashara. Siku hizi nikilisema, naona mguu wa mama.

Mama yetu anaishi Mollo, kwenye shamba lake la ulezi. Ugonjwa wa sukari ulimwondolea hisia za miguu taratibu sana. Kwanza aliacha kulalamikia baridi ya sakafu asubuhi, nasi watoto tukafurahi, tukidhani amepata nguvu. Baadaye akatokwa na kidonda kwenye kisigino cha kushoto, na hakuweza kutuambia alikanyaga nini wala lini. Muuguzi aliyekuwa akimsafisha alitueleza kwa upole kwamba kidonda kile kitapona, lakini mguu ule ukipata kingine, huenda daktari akalazimika kuukata.

Kuanzia hapo nikawa naogopa vitu ambavyo watu wazima hawaviogopi. Kokoto ndani ya kandambili. Ukingo wa kitanda. Jiko la mkaa likiwa karibu na kigoda chake. Nilikuwa nikifika Mollo, kabla hata shikamoo haijakauka mdomoni, macho yangu yako miguuni kwake.

Wa kumpeleka kliniki alikuwa mdogo wangu wa kiume, ambaye ana gari dogo la kukodi. Siti zake zilikuwa za ngozi bandia, nyeusi tii, zinazong'aa, na alizipenda kuliko injini yenyewe. Kila nikimshauri aweke kitambaa alikuwa akinitania. Aliniuliza kama ninataka abiria wa dagaa kutoka Namanyere amwachie harufu mpaka Pasaka.

Nisiwe mwongo, hoja yake ilikuwa na uzito. Ngozi bandia ukiimwagia chai unaipangusa na mambo yanaisha. Vumbi letu la kiangazi, lile jekundu linaloingia hata kwenye sanduku lililofungwa, haliingii ndani yake. Tatizo lake liko kwenye mshono. Sindano inaacha matundu, na matundu yakikaribiana sana, siku moja mtu mzito anakaa na siti inachanika kwa kufuata mstari ule ule. Halafu haipumui. Jasho linabaki kati yake na wewe.

Ngozi halisi ni jambo jingine. Ibonyeze kwa kidole gumba utaona inafanya mikunjo midogo midogo, kama ngozi ya mkono wako. Ikitunzwa hudumu miaka mingi na huzoea umbo la mkaaji. Lakini upepo mkavu wa Juni na Julai hapa juu Ufipa unaipasua usipoipaka mafuta yake, na asubuhi ya baridi ukiikalia utadhani umekalia jiwe la mtoni. Kitambaa ndicho chenye huruma. Hakina baridi kali wala joto kali, na mtu hatelezi. Adui zake ni maji, uchafu na kuchakaa mapema pale dereva anapopitishia paja akishuka.

Hayo yote nilikuwa nimeyaeleza mara nyingi. Sikuwa nimewahi kuyaeleza nikiwa na mtu ambaye hasikii anachokalia.

Siku hiyo ilikuwa Oktoba, kabla ya mvua. Tuliondoka Mollo asubuhi na baridi yake, mama amejifunga vitenge juu ya vitenge. Kliniki kulikuwa na watu wengi. Gari lilibaki uwanjani pasipo na kivuli, kioo cha mbele kimelielekea jua, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Tulipomaliza, saa sita ilikuwa imepita. Habari zilikuwa njema: kisigino kinafunga. Mama alicheka na kila aliyekuwa kwenye benchi.

Mimi nilichelewa dirishani nikisubiri dawa. Nyuma yangu mdogo wangu alimpeleka mama garini, akafanya kile ambacho mtoto yeyote wa kwetu angefanya. Mama alitaka kupanda nyuma. Akakataa. Siti ya mbele ni ya mkubwa, na watu walikuwa wanatazama. Akaifuta kwa kitambaa mpaka ikang'aa, akainama kidogo na kupiga makofi ya heshima kwa kumtania, mama naye akavuta kitenge juu kidogo apate kuingiza miguu, akakaa.

Nikaja na mfuko wa dawa, nikafungua mlango wa nyuma, nikakaa. Nikaruka. Siti ilinichoma kupitia sketi, na chuma cha mkanda kilipogusa mkono nilidhani nimeshika pasi. Nilifungua kinywa nimkemee mdogo wangu, ndipo nikamtazama mama. Alikuwa ametulia, ameegemea, anamwambia kijana wake, aliyekuwa bado amesimama mlangoni, habari za kuku.

Sijui nilifikaje upande wake. Nilimwinua kwa makwapa, nikamgeuza miguu nje. Kwenye shavu la mguu wa kushoto, pale linapogusana na ukingo wa siti, palikuwa na mstari mwekundu mpana kama mkono wa mtoto.

Mama alitutazama kwa zamu, hajui tunalilia nini. Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema nini, mwanangu? Mimi nimesikia tu nimekaa vizuri."

Tulirudi ndani. Muuguzi akaumwagia mguu maji kutoka bombani kwa muda mrefu, kisha akaubonyeza ule wekundu kwa kidole: ukawa mweupe, ukarudi polepole. Akasema hiyo ni dalili nzuri, lakini tusubiri hadi kesho, kwani lengelenge huweza kuchelewa. Mdogo wangu alisimama ukutani akiwa ameshika funguo kwa mikono yote miwili. Utani wote ulikuwa umemwisha.

Mchana uliobaki nilikaa Mollo nikiutazama mguu ule. Mama alichambua maharage na kunisimulia nani ameoa na nani amegombana na nani. Nilikuwa naitikia. Kichwani nilikuwa naona kitanda cha hospitali na shuka lililolala tambarare pale ambapo mguu ulipaswa kuwa. Kila kivuli cha nzi kikipita juu ya ngozi yake nilidhani ndilo lengelenge linaanza.

Asubuhi, kabla hajaamka vizuri, nilifunua kitenge. Wekundu ulikuwa umefifia na kuwa kama alama ya mto usoni. Hakukuwa na lengelenge. Nilikaa sakafuni kando ya kitanda chake.

Mdogo wangu alikuja mapema kuliko kawaida. Alichungulia mguu, akatoka nje, akanisubiri kando ya gari.

"Dada," aliniambia, "ng'oa zote."

Nilimwambia hakuna haja ya zote. Mgongoni na ubavuni, ambako mikono michafu hushika, niliacha ngozi bandia. Ngozi halisi nyeusi isingetusaidia. Juani nayo inachoma. Pale pa kukalia niliweka kitambaa kizito cha rangi ya chai ya maziwa, na mshono wa mbele nikauhamishia chini, usikandamize shavu la mguu. Juu yake nikashona kava la kuvua na kufua, maana kitambaa kibichi nacho ni hatari kwa ngozi isiyosikia. Abiria wa dagaa bado wanapanda. Mdogo wangu anafua na kunung'unika, na anaegesha kivulini hata ikibidi atembee.

Mama ana miguu yake miwili. Hofu yangu haijaondoka, ila nimeipa kazi ya kufanya, na nawe naomba uifanye kabla hujakaa wala kumkalisha mgonjwa wako.

Nyoosha mkono. Weka mgongo wa kiganja kwenye ukingo wa siti, uuache hapo huku ukivuta pumzi taratibu, kisha gusa chuma cha mkanda. Ukishindwa kuuacha mkono, fungua milango yote, mpeleke mgonjwa wako kivulini, na usimkalishe mpaka mkono wako ukubali kubaki.