Kocha Asiye na Ushago

Juzi nilikwenda ofisi moja ya serikali Kawangware kutafuta barua ya kitambulisho, maana changu nilikipoteza kwa ustadi uleule ninaopotezea miwani. Mbele yangu alisimama mjane. Mumewe, Mkongomani aliyefundisha wasichana wa mtaa kandanda, alikuwa amefariki, naye aliomba ruhusa ya kumzika katika makaburi ya umma.

"Ushago ni wapi?" karani akauliza.

"Ni hapa Kawangware."

"Mama, hapa ni pa kukodi. Nauliza kwao kijijini, penye mnampeleka."

"Kwao kulichomwa. Hakubaki mtu."

Karani akatabasamu kama mtu anayefichwa kitu. "Kila mtu ana kwao. Enda uniletee mzee wa ukoo wake."

Mama akashika ukingo wa kaunta. "Baba ya watoto wangu ndiye alikuwa anasindikiza maiti zenu. Mtu akikufa kwa ploti, kwa hizi nyumba za kupanga, ni yeye anakaa na jeneza mpaka Busia, mpaka Siaya, anachimba kaburi na wenyeji. Ushago zenu zote anazijua. Sasa yeye akose?"

"Kaa kwa benchi, mama. Anayefuata!"

Nimezunguka nchi nyingi, na katika kila mpaka nikiulizwa kwetu, hujibu kwa mzaha. Safari hii, karani aliponiuliza, nilitaja upesi kijiji ambako sina hata kitanda. Karani akagonga muhuri papo hapo. Nilipogeuka, yule mama alikuwa ananitazama kutoka kwenye benchi. Alikuwa amesikia.