Wifi Alivyomvisha Mwanamke wa Jiwe

Wifi yangu tunamwita Pindo, kwa sababu hajawahi kuona pindo la mtu limelegea akanyamaza. Hata msibani. Aliwahi kupiga magoti nyuma ya mfiwa na sindano mkononi, watu wanalia, yeye anashona. Ni dada wa marehemu mume wangu. Tumekaa nyumba moja miaka thelathini na moja, na nikimsifu hapa asije akavimba kichwa.

Cherehani alifundishwa na mama yake, miguu ikiwa bado haifiki kwenye pedali. Walimwekea tofali. Nusu ya mtaa huu imekwenda shule na kuolewa na nguo zake. Kisha yakaja maduka ya nguo zilizokwisha kushonwa, na kibaraza chetu kikapoa. Mwaka juzi ulipita mwezi mzima hakuletewa kitu ila zipu za kubadilisha. Nikawa namsikia anaongea na cherehani pole pole, kama mtu na mgonjwa wake.

Ndipo wakatengeneza bustani ya sanamu kule kwenye magofu. Kuta za kale zilizoliwa na mizizi, ngazi zilizobonyea katikati kwa nyayo za watu tusiowajua, visima vikavu. Katikati ya hayo yote wakasimamisha sanamu, juani, bila paa. Kubwa kuliko zote ni mwanamke wa jiwe, urefu wa watu wawili, mkono mmoja kiunoni, mwingine kauinua kama anafukuza kuku. Na hana hata kanga. Nasema nilichokiona.

Mkurugenzi wa bustani akaja barazani na jora la kitambaa cha buluu. Sanamu ifunikwe, siku ya ufunguzi mgeni rasmi avute, kitambaa kianguke. Kazi ikimpendeza, sare za wafanyakazi wake arobaini zitashonwa kwetu kila mwaka. Wifi akanikanyaga mguu chini ya meza. Sare arobaini! Kibaraza kingefufuka.

"Unganisha vipande viwili tu, mama," mkurugenzi akasema. "Kama shuka."

"Nimesikia."

Kusikia alisikia. Lakini mgongo wa yule bwana ulipopotea tu, akanigeukia. "Shuka! Miaka hamsini ya ufundi, leo nitupie mtu shuka? Wifi, chukua futi yako na yangu. Twende."

Kule bustanini yeye akapanda ngazi ya mbao tuliyoiegemeza kwenye sanamu, mimi nikabaki chini na daftari. Herufi zinanisumbua, namba hazinisumbui.

"Kifua?"

"Futi haifiki. Nirushie yako niunge."

"Nyonga?"

"Kama zako."

"Zangu mara ngapi?"

"Andika, wifi, usitafute ugomvi."

Tatizo likawa mikono. Mtu wa jiwe humwambii inua, humwambii shusha. Gauni litapita wapi? Nikasema basi, tufanye hiyo shuka. Akanitazama kama nimemtukania mama. Akakata shauri: gauni lifunguke mgongoni kutoka shingoni hadi chini, na mikono ifunguke kwapani. Vifungo sitini na vinne. Nilivishona mimi, na matundu yake, na kidole gumba changu kingali na alama.

"Na huyo mgeni atalivutaje?" nikamuuliza.

"Atavua kama watu wanavyovua. Kwani kwao wanavua nguo kwa kuchana?"

Siku ilipofika tukamvisha asubuhi na mapema. Mkurugenzi alipotokea alimkuta yule mwanamke amependeza, kola imesimama, kiuno kimekaa. Akafungua mdomo, lakini magari ya wageni yalikuwa yameshaingia.

Mgeni rasmi, mzee mwenye mwili wake, akashika ncha ya gauni akavuta. Wapi! Akavuta kwa mikono miwili. Kofia ikamwanguka, gauni likabaki. Mkurugenzi akatujia jasho linamtiririka.

"Mama, umeniaibisha. Sare usahau. Askari, lete mkasi!"

Wifi akanywea. Niliziona zile sare arobaini zinamtoka mikononi. Ningekuwa mimi ningeomba radhi nikaenda zangu nyumbani. Yeye akabeba ngazi, akaiegemeza mgongoni mwa sanamu, akamwelekea askari mwenye mkasi.

"Ukigusa uzi mmoja, nakushonea humu humu ndani pamoja naye."

Askari akarudi nyuma.

Akafungua cha kwanza. Akafungua cha pili. Hana haraka. Bendi ikapiga nyimbo zake zote zikaisha. Watu wakacheka, halafu wakazunguka nyuma waone bega la jiwe likitokeza, halafu mtu akaanza kuhesabu, na wote wakadakia. Ilipofika hamsini, mgeni rasmi alikuwa anahesabu kwa sauti kubwa kuliko wote, kofia kwapani. Cha mwisho kilipoachia, gauni likateleza lote kwa mpigo mmoja, watu wakalipuka kama limefungwa goli.

Mzee akaliokota. Akaligeuza ndani nje, akakagua mishono, akajaribu kuichana kwa vidole vyake vinene, akashindwa.

"Nani kashona hii?"

"Mimi," wifi akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Na wifi yangu."

"Suruali zangu zinaachia kila nikikaa. Huyu mama anapatikana wapi?"

Mkurugenzi akaruka mbele. "Ni fundi wetu, mheshimiwa! Ndiye anayetushonea sare zetu zote."

Wifi akamgeukia, nikaogopa ataharibu. "Bado sijawapima," akamwambia.

Jumatatu wafanyakazi wakapanga mstari hadi nje ya uzio wetu. Wa kwanza alikuwa mkurugenzi mwenyewe, amelibana tumbo ndani, mishipa ya shingo imemtoka. Wifi akamzungushia futi kiunoni, akasimama, akangoja.

"Pumua, baba," akamwambia. "Mimi nipo mpaka jioni."