Ng'ombe Wangu Walibaki Zizini

Jumatatu ya kwanza ya Machi, mwaka wa pili tangu tuanze kuitwa watu wa Mkoa wa Manyara, nilimzika mume wangu. Alikuwa msimamizi wa josho la kijiji, lile birika refu la saruji ambamo ng'ombe huogeshwa kwa dawa ya kupe. Serikali ilipoacha kuleta dawa, majosho mengi upande wetu wa Gehandu yalikauka. La kwetu alilishikilia kwa michango ya wafugaji, na kila siku ya kuogesha alitanguliza ng'ombe wake mwenyewe ili watu waone dawa haiui.

Alipokufa, josho likajaa tope. Uongozi wa kijiji ukasema likikaa bila kazi mpaka mavuno, kiwanja atapewa mtu ajenge ghala. Mimi niliishia darasa la saba na sikuwahi kusema mkutanoni. Siku ile nilisimama, nikaomba ufunguo wa geti. Wakanipa.

Masika yalipokatika walikuja wanafunzi wa chuo wanaosomea sera za umma. Mume wangu alikuwa amemwahidi mwalimu wao kwamba tutawapokea, nami sikutaka ahadi yake ife naye. Mwalimu aliwagawa wakae kwenye nyumba za watu, wakame, wachunge, wachote maji, maswali baadaye. Mchana walikuwa joshoni na majembe, wakizoa tope na kuzibua mfereji unaoleta maji kutoka kijitoni.

Mzee mmoja mfugaji wa kule tambarare, rafiki wa marehemu, alikuja kuwatazama.

"Baba yako aliuza ng'ombe ili usome?" alimwuliza kijana mmoja.

"Aliuza, mzee."

"Na anajua umekuja kuosha bafu la ng'ombe?"

Wakacheka, na mwalimu wao pia. Hata mimi nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Kwenye mkutano wa kijiji wanafunzi waliuliza nani ataleta mifugo Jumamosi. Mikono ikapanda kila upande. Jumamosi maji yalijaa, bwana mifugo akachanganya dawa, na hakuja mtu. Nikasema nitatanguliza wangu, kama alivyofanya mume wangu. Nilikuwa nimeshashika njia ya zizini, msichana mmoja mwanafunzi, aliyekuwa akikaa kwa jirani yangu, akanikimbilia.

"Mama, naogopa utakasirika."

"Nitakasirika ukinyamaza."

Alitazama chini. "Kule ninakokaa wanasema hawawezi kuingiza ng'ombe kwenye maji waliyopita ng'ombe wa nyumba yenye msiba. Wanajua utatanguliza wako. Mkutanoni hawakutaka kukuumiza mbele ya wageni."

Nilikasirika kweli. Kwa wazee wetu, nyumba iliyofiwa ilikaa kando, watu wake na mifugo yake, mpaka muda wake uishe. Mimi ni Mkristo, nilidhani mambo hayo yamekwisha. Nilitaka kuwaswaga ng'ombe wangu mpaka joshoni nione nani atanizuia. Lakini asingenizuia mtu. Wangebaki tu majumbani kwao, na josho lingekufa.

Nikaenda na msichana yule mpaka kwa yule mzee. Sikuingia ndani ya boma, niliita nikiwa nje.

"Shemeji, ng'ombe wangu hawaingii joshoni mpaka msiba uondoke. Nasema mbele ya mtoto huyu."

"Wana kupe?"

"Wanao."

Aligeuza fimbo yake mkononi.

"Na geti atafungua nani?"

"Nitafungua mimi. Maji siyagusi."

"Basi tangulia ukafungue."

Ng'ombe wake walipoanza kutumbukia, wa nyumba nyingine, zilizoona wangu hawamo, walikuwa tayari wanateremka na vumbi lao. Wanafunzi walilowa mpaka vichwani wakiwasukuma walioogopa. Mwenyekiti wa kijiji alifika, akasimama ukingoni muda mrefu, kisha akaniambia nikae na ufunguo.

Nilifunga geti jua lingali juu, nikarudi zizini kwangu. Msichana yule alinifuata na kopo la mafuta ya taa. Tukaanza kuwang'oa kupe kwa mikono, tukianzia masikioni mwa ndama.