Mgongo Uliochanwa Vizuri

Kinyozi alilelewa na shangazi yake tangu akiwa hajui kufunga kamba za viatu. Kwa hiyo shangazi alipokwenda kupasuliwa macho, hakutafuta mtu mwingine wa kumwachia paka.

Alikuwa paka wa Kiajemi, wa ukoo unaojulikana hadi babu wa babu: miguu mifupi, kichwa cha mviringo, macho ya rangi ya shaba, na pua iliyodidimia kana kwamba alijibamiza mlangoni utotoni. Manyoya yake ya kijivu yalikuwa marefu kiasi kwamba akijilaza huoni mto unaishia wapi na yeye anaanzia wapi. Majirani walimwita Mkwe, kwa vile uso wake ulikuwa umenuna saa zote. Lakini kununa kulikuwa kwa sura tu. Hakuparamia mapazia, hakukwaruza mtu. Ukimweka kitini, atabaki pale mpaka umkumbuke.

Shangazi aliagiza afutwe macho kila asubuhi kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, maana pua fupi kama ile hufanya machozi yatiririke ovyo. Na achanwe kila siku, si juu tu, bali tumboni na kwapani, kwa vidole kwanza, kisha kitana.

"Huyu hasemi," alimwambia. "Mkono wako ndio umuulize."

Kinyozi alicheka moyoni. Mambo ya nywele, afundishwe yeye?

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na benchi la kibandani kwake lilijaa vichwa. Alimchana Mkwe jioni akiwa hoi, akilipua, kama anavyomalizia mteja wa mwisho: kile tu ambacho kioo kitaonyesha. Mgongo uling'aa. Shangazi alipopiga simu kutoka hospitali kuuliza kama paka anachanwa, alijibu kwamba anachanwa, wala hakuona kama amedanganya.

Alimpindua siku alipomwona akichechemea. Kwapani na tumboni manyoya yalikuwa yamesokotana na kuganda kama zulia kuukuu, yakivuta ngozi kila anapopiga hatua. Ngozi ilikuwa nyekundu. Paka alimtazama tu, hakutoa hata mlio. Alikuwa akiteseka kikondoo pale pale sebuleni, miguuni pa familia nzima inayoangalia televisheni.

Kinyozi akafanya kile ambacho mikono yake inakijua. Alimpeleka kibandani, akamfunga shuka la kunyolea, akawasha mashine. Alidhamiria kuishia kwapani na tumboni. Lakini tumbo likawa halilingani na ubavu, akasawazisha, akasawazisha tena, mpaka kilichobaki ni kichwa na mkia. Dereva wa teksi aliyekuwa akingoja zamu akasema na yeye anataka huo mtindo wa simba, ila yeye hana mkia wa kubakishiwa. Benchi zima likaangua kicheko. Kinyozi alicheka nao, kisha akaona mbavu zilivyo nyembamba chini ya ukubwa wote ule, akazima mashine.

Mkewe akampa njia: wamwambie shangazi kwamba daktari wa mifugo ndiye aliyeamuru. Kinyozi aliikariri ile sentensi huku ananyoa, mpaka ikateleza mdomoni kama sabuni.

Shangazi alirudi macho yote mawili yamefungwa bandeji. Alikaa, akanyoosha mikono. Kinyozi akamweka Mkwe mapajani mwake, halafu akasimama nyuma ya kiti, mahali alipozoea kusimama.

Mkono ukashuka, ukakuta ngozi, ukasita. Kisha ukaenda kwapani taratibu, ukapapasa palipokuwa pakipona.

"Alilia?"

Daktari wa mifugo alikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi.

"Hakulia, shangazi," akasema. "Nilikuwa nachana mgongo tu. Chini sikumgusa."

Shangazi hakumgombeza; angemgombeza ingekuwa nafuu. Alivua mtandio wake, akamfunika paka. Nywele zake mwenyewe zikabaki wazi, zimesokotana na kuganda kisogoni kwa kulalia mto wa hospitali. Kinyozi aliziona kutoka pale nyuma. Katika simu zote zile waliongea habari za paka, na hakuwahi kuuliza ni nani anayemchana yeye.

Akachukua kitana, kisha akakiweka chini. Alianza kwa vidole.

"Nikikuumiza useme, shangazi."

"Huumizi," akasema.

Kinyozi hakusadiki. Akalegeza mkono, akaanza upya.